Sare ya Tarehe Kumi na Tisa Septemba

Zuhura alifariki Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, kabla ya adhuhuri. Mimi nilipata habari saa tisa alasiri, nikiwa nimeketi sebuleni kwangu Mbezi Beach pamoja na wajukuu wangu wawili wa kike, waliokuwa wakitazama marudio ya mechi kwenye televisheni. Mechi hiyo ilikuwa imekwisha kwa sare hata baada ya dakika za nyongeza, na wachezaji walikuwa wamejipanga katikati ya uwanja, wameshikana mabega, wakisubiri kupiga matuta. Binti yake Mwajuma aliponiambia kwenye simu, "Mama mdogo, mama ametutoka," sikulia. Nilitamka innalillahi, kama marehemu mwenyewe alivyonifundisha miaka mingi iliyopita ijapokuwa mimi ni Mkristo, nikauliza mazishi ni saa ngapi, kisha nikaweka simu mezani na kuendelea kutazama kioo kama mtu asiye na habari yoyote. Mchezaji mmoja alipiga mpira ukagonga mwamba. Akaanguka kifudifudi. Mjukuu wangu mkubwa akasema, "Bibi, usimwonee huruma. Matuta ni bahati tu." Nikamjibu kwa ukali ambao hakuustahili, "Nani amekwambia ni bahati?" Watoto wakageuka wakanitazama, wakapunguza sauti ya televisheni.

Sitaeleza hapa nilikozaliwa wala waliozaliwa nami. Mambo hayo yana mahali pake. Sura hii ni ya mwaka mmoja tu, mwaka 1987, ambao niliuanza nikiwa mchambuzi wa vitunguu katika soko la Tandale na kuumaliza nikiwa mtumishi wa shirika la umma mwenye kitambulisho chenye picha. Watoto wangu wanaijua hadithi ya kupanda kwangu, nami nimewasimulia mara nyingi, kwa fahari, jinsi mwanamke aliyeingia darasani akiwa na miaka ishirini na miwili alivyopata cheti cha kidato cha nne mwaka 1996, akiwa na miaka thelathini na mmoja na watoto wawili. Marehemu mume wangu, niliyeishi naye miaka ishirini na tisa, aliisimulia vizuri kuliko mimi. Lakini katika hadithi hiyo kuna alasiri moja ambayo kila mara niliiruka, na mume wangu alikwenda kaburini bila kuijua.

Nilihamia nyumbani kwa Bi Kidawa Jumapili, tarehe 11 Januari. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na choo cha pamoja chenye mlango wa bati uliokuwa ukifungwa kwa kamba. Bi Kidawa alikuwa mjane wa makamo, mwenyeji wa pwani tangu babu wa babu yake. Alinikubali kwa sababu bintiye Zuhura, niliyekuwa nikichambua naye vitunguu, alimwambia kwamba mimi si mtu wa makelele. Zuhura alikuwa amenizidi miaka minne. Mume wake alikwenda kutafuta kazi Mtwara akapotelea hukohuko, akamwachia Mwajuma, mtoto wa miaka minne aliyekuwa akilala katikati yetu kwenye kitanda cha kamba, magoti yake mbavuni mwangu. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja dogo lililotazama ua, sanduku la bati, jiko la mafuta ya taa, na ukutani msumari ambao Zuhura alitundika mpira wake wa pete ndani ya wavu wa kufungia vitunguu. Harufu ya vitunguu haikutoka chumbani humo. Ilikaa katika nywele, katika mito, katika maji ya kunywa. Hadi leo nikikata kitunguu jikoni kwangu hunijia kwanza sauti ya Zuhura akiamka alfajiri na kusema, kabla hata hajafumbua macho, "Haya shoga, tukalie na wenzetu."

Sote wawili tulikuwa wafungaji. Mpira wa pete, kwa msomaji asiyeufahamu, unawaruhusu watu wawili tu katika kila timu kutupa mpira kwenye pete, na hata kati ya hao wawili huwa kuna mmoja ambaye wenzake wote humtafuta mpira ukifika mbele. Zuhura alikuwa huyo katika timu ya mtaa, aliyoichezea tangu usichana wake. Mimi nilikuwa huyo katika timu ya soko, iliyoundwa mwaka huohuo na kina mama wa vitunguu, mihogo na nyanya. Hivyo tulilala kitanda kimoja tukiwa mahasimu, na Bi Kidawa alilifanya jambo hilo kuwa kitoweo cha kila jioni. Akipakua wali na mchuzi wa nazi katika sinia moja, aliweka kipande cha samaki mpakani kabisa, akasema, "Timu zimelingana. Atakayekula haraka ndiye bingwa." Zuhura alikuwa akikigawa kipande hicho kwa vidole, nusu kwangu nusu kwake, na mama yake akimzomea: "Wewe hutashinda kitu duniani! Mtu gani anamgawia adui?"

Ukumbini walikaa wapangaji wawili, madereva wa malori, ambao kila Jumamosi walisikiliza mpira wa wanaume redioni na kubishana kwa sauti iliyopenya kuta zote. Nakumbuka hasa ubishi wao kuhusu sare, kwa kuwa waliurudia kama sala. Mmoja alishikilia kwamba mechi iliyokwisha sare irudiwe siku nyingine, hata mara tatu, mpaka mwenye nguvu ajulikane. Mwenzake alimjibu, "Wee ndugu yangu, watu wana kazi zao! Piga matuta, tumalize, twende tukale." "Matuta si mpira. Matuta ni kumwonea kipa." "Basi warushe shilingi." "Shilingi? Kwa hiyo mie nikimbie dakika tisini halafu nishindwe na sarafu?" Bi Kidawa aliwafokea kutoka uani: "Nyie mnaotazama mpira kwa masikio, mbona mnagombana kama mlikuwepo?" Nasi chumbani tulicheka mpaka Mwajuma akaamka. Hatukudhani kwamba maneno yale yalituhusu.

Jumatatu, tarehe 4 Mei, nilianza kwenda darasa la elimu ya watu wazima, lililofundishwa jioni mara tatu kwa wiki katika shule ya msingi iliyokuwa mwendo wa robo saa kutoka nyumbani. Sikumwambia mtu. Wapo watakaoshangaa kwamba mtu afiche jambo jema kiasi hicho, lakini mimi nilikuwa na kiburi, na kiburi cha mtu asiyejua kusoma ni kikali kuliko cha msomi, kwa sababu hakina mahali pa kuegemea. Niliogopa nikishindwa watanicheka. Nilisema nakwenda mazoezi ya kwaya. Bi Kidawa aliniuliza zaidi ya mara moja, "Asteria, kwaya gani hiyo ambayo muimbaji haimbi hata akiosha vyombo?" Daftari langu nililificha chini ya gunia la mkaa. Kufikia mwezi wa nane nilikuwa naweza kusoma maneno mafupi, kwa kuyavizia silabi baada ya silabi, na nilikuwa nikitembea sokoni nikisoma magunia na kuta za maduka kimoyomoyo, nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani na kukitia kibindoni. Nilikusudia kumwambia Zuhura siku nitakayoweza kusoma barua nzima.

Mwezi huo ndipo kamati ya michezo ya kata ilipotangaza mashindano ya timu nane za kina mama, na ndipo zilipoanza habari za kocha. Enzi hizo mashirika ya umma yalikuwa na timu zake za mpira wa pete, na mwanamke aliyejua kufunga aliweza kuajiriwa tarishi au msaidizi wa ofisi kwa ajili ya mikono yake, kisha akapewa mshahara, matibabu, na ruhusa ya kusoma jioni. Kocha wa shirika moja, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, alikuja kutazama nusu fainali. Timu ya mtaa ilishinda, timu ya soko ikashinda. Baada ya mechi alituita sote wawili pembeni, akasema bila kuzungukazunguka, "Ninyi mmelingana kwa kila kitu, na mimi nina nafasi moja. Siwezi kuchagua kwa macho. Mfungaji wa timu itakayochukua kombe, Jumatatu aje ofisini kwangu." Tulirudi nyumbani pamoja. Tulipofika karibu na kisima Zuhura alinishika mkono, akasema, "Sikiliza, mdogo wangu. Uwanjani tusioneane haya. Mie nina Mwajuma, nawe una yako. Atakayepata kapata." Nikasema amina. Nilipenda sana apate. Nilipenda zaidi nipate mimi.

Fainali ilichezwa Jumamosi, tarehe 19 Septemba 1987, saa kumi alasiri, katika kiwanja cha mchanga nyuma ya soko. Watu walijaa mpaka juu ya mapaa ya vibanda. Wauza nyanya walikuja na masufuria ya kupiga kama ngoma, na timu ya mtaa walikuwa na mwanamke mmoja mwenye sauti ya tarumbeta aliyekuwa akiniimbia kila nilipoinua mpira: "Kitunguu, kitunguu, utalia mwenyewe!" Dakika za kawaida zilikwisha kumi na saba kwa kumi na saba. Tukaongezewa vipindi viwili vya dakika saba, vikaisha ishirini na mbili kwa ishirini na mbili. Kanuni ilisema hapo tuendelee bila kupumzika mpaka timu moja itangulie kwa magoli mawili. Ni kanuni ya haki kuliko zote ninazozijua, na ya kikatili kuliko zote. Mtaa wakifunga, sisi tukasawazisha. Sisi tukifunga, Zuhura akasawazisha. Mlinzi wetu alikaa chini akatapika, akainuka. Magoli yalifika ishirini na tisa kila upande, na jua lilikuwa limekwisha shuka nyuma ya mapaa. Mpira ulianza kuonekana kama kivuli chake. Hapo mwamuzi alipuliza filimbi, akasema haoni miguu ya wachezaji, wala mtu asimlazimishe kuamua asichokiona.

Kamati ikaagiza wafungaji wawili tupige mitupo mitano mitano. Nilianza mimi, nikafunga minne. Zuhura, aliyekuwa na desturi ya kutamka bismillahi kwa sauti kabla ya kila mtupo, alifunga minne. Tukaendelea mmoja mmoja. Mtupo wa tatu nilikosa. Sikuwa nimechoka, niliogopa. Zuhura alisimama, akatamka, akatupa. Mpira ulikaa juu ya pete, ukazunguka, watu wakaanza kupiga vigelegele, kisha ukadondokea nje. Nilimwona amefumba macho, na midomo yake ikicheza. Tulirudia mara mbili nyingine, tukalingana tena. Muadhini akaadhini magharibi. Zuhura akauweka mpira chini, akafunika kichwa kwa kanga, na hakuna aliyethubutu kusema mchezo uendelee.

Walijadiliana haraka mezani, sisi wawili tumesimama mbele yao. Kurudia mechi hakukuwezekana, kwani kesho yake kiwanja kilikuwa na harusi, na kocha alisema wazi kwamba hatarudi, kwa kuwa Jumatatu lazima apeleke jina. Mjumbe mmoja akatoa shilingi mfukoni. Katibu wa kamati, mzee mcha Mungu aliyeheshimiwa na pande zote, akaisukuma mbali. "Sarafu ni kamari, na mie sichezi kamari nikiwa na udhu. Tupige kura. Kura ipo katika dini yetu, na hata mitume wao walipiga." Wakristo waliokuwapo wakaafiki, Waislamu wakaafiki, na kila mtu akaona kwamba jambo limetoka mikononi mwa watu na kwenda mahali pake. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani ya uwanja mzima, na ndiyo iliyokuwa imani ya Zuhura. Katibu akachana karatasi mbili kutoka katika daftari la magoli, akachukua kalamu ya wino mzito ya kuandikia ubao wa magoli, akaziweka mezani mbele yetu. Mtu mmoja alimwambia ageuke asituoneshe. Mjumbe wa shilingi akacheka: "Kujificha kwa nini, katibu? Hawa kwao herufi na nyayo za kuku ni mamoja." Watu wakacheka. Zuhura naye akacheka, kwa kuwa lilikuwa kweli. Katibu hakuwa na nia mbaya. Hakuona haja ya kugeuka, akaandika.

Kwenye karatasi ya kwanza aliandika MSHINDI. Kwenye ya pili aliandika POLE. Nilisoma yote mawili kichwachini, silabi kwa silabi, kabla wino haujakauka, na siwezi kukana kwamba jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa furaha. Yalikuwa maneno ya kwanza niliyoyasoma nje ya darasa ambayo yalikuwa na kazi. Akazikunja mara mbili, akazitia katika kofia yake, akazitikisa, akazimwaga mezani. Zilikuwa karatasi nyepesi za daftari, na wino ule mzito ulikuwa umepenya. Moja ilikuwa na doa fupi upande mmoja. Nyingine ilikuwa imeloa weusi kutoka pembe hadi pembe. Kila mtu aliyeinama pale aliyaona madoa hayo. Mimi peke yangu, miongoni mwa sisi wawili, nilijua neno refu lilikuwa lipi. "Nani anaanza?" akauliza katibu. Zuhura akanisukuma begani taratibu. "Aanze mdogo wangu. Mie mwenyeji. Chagua, Asteria. Kilicho changu hakitakwenda kwako."

Nimekuwa na miaka thelathini na minane ya kujieleza. Nimejiambia kwamba ule mzaha wa nyayo za kuku ndio ulionifunga mdomo. Nimejiambia kwamba sikuandika mimi, sikukunja mimi, na kwamba mwenye macho halaumiwi kwa kuona. Nimejiambia kwamba hata kwa upofu ningeweza kuiokota ileile. Ukweli ni kwamba nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili, "Mimi nasoma," na katibu angezirudisha karatasi kofiani na kuandika nyingine kwa siri, na kura ingekuwa kura. Nilikuwa na muda wa kutosha kuyasema. Nilihesabu hata pumzi. Kisha nikanyoosha mkono nikachukua ile iliyoloa.

Zuhura alinikumbatia kabla hata katibu hajamaliza kusoma kwa sauti. Jasho lake lilikuwa na harufu ya vitunguu kama langu. "Mungu kagawa," aliniambia sikioni, "Mungu kagawa, mdogo wangu," na akawageukia wenzake wa mtaa waliokuwa wanalia, akawakemea: "Mnalia nini? Mnabishana na nani?" Jioni ile Bi Kidawa alituwekea sinia kama kawaida, lakini hakutania. Zuhura alikula vizuri. Alimlisha Mwajuma, akaosha mikono, akaniuliza nitavaa nini Jumatatu. Nilikuwa na sketi moja ya heshima, na hiyo ilikuwa imeungua kwa cheche za mkaa. Jumapili alasiri aliniletea sketi yake ya kijani, aliyoshonewa wakati wa Idi, akainyoosha kwa pasi ya mkaa juu ya sanduku la bati, akinyunyiza maji kwa vidole. "Usiketi vibaya ikakunjika," alisema. "Na wakikuuliza umesoma mpaka wapi, usidanganye. Waambie hukusoma. Kweli haimtupi mtu." Niliitika kwamba nimesikia.

Kazi nilipata. Nilihama Tandale Jumapili, tarehe 13 Desemba, kwa kisingizio cha umbali. Miezi michache baadaye nilimwambia Zuhura kwamba nimejifunza kusoma kazini, na alifurahi kiasi cha kuwaita majirani niwasomee kikaratasi cha dawa ya mama yake. Niliahidi kumfundisha. Alicheka: "Kichwa changu kimejaa vitunguu, herufi zitakaa wapi?" Sikurudia ahadi hiyo. Nilimtumia vitu kwa miaka yote: vitenge, sukari ya mfungo, madaftari ya Mwajuma. Mwenyewe nilikwenda kwa nadra, nikakaa kwa muda mfupi, nikiwa na saa mkononi. Alipozeeka alihamia kwa Mwajuma kule Bunju, katika nyumba ambayo bado inajengwa, na kila niliposema nitakuja kukaa siku nzima alinijibu, "Njoo ukiwa na nafasi, sisi tupo." Watu walimwona kuwa mtu mwenye utulivu mkubwa. Nami niliutumia utulivu huo kama dawa ya usingizi. Nilijiambia kwamba hakudhurika.

Arobaini ya marehemu iliangukia Jumapili, tarehe 13 Julai. Nilikwenda Bunju siku moja kabla, nikakataa kiti nilichopewa kwa heshima ya umri, nikakaa mkekani pamoja na wanawake waliokuwa wakichagua mchele. Walikuwa wakizungumza habari za marehemu, kama ilivyo desturi, na Mwajuma, ambaye sasa ana nywele nyeupe masikioni, akaanza kuwasimulia ya mpira. "Mama mdogo huyu mnayemwona, yeye na mama walilingana siku moja mpaka muadhini akaadhini." Akawaeleza ya dakika za nyongeza, ya mitupo, ya kura. Wanawake walicheka penye kuchekesha. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Mwaka uliofuata alikuja kocha mwingine, wa shirika jingine, akaja mpaka nyumbani. Bibi alinambia alikuja mara mbili. Mara ya pili na fomu mkononi, mama aweke dole gumba tu. Mama akakataa. Bibi akamlilia, akamwambia we mwendawazimu, unarudisha riziki? Mama akasema, 'Mie nilishauliza, na Mungu kishanijibu hadharani, watu wote wanaona. Nikaulize tena nini?' Akarudi zake sokoni. Basi. Hakugusa tena mpira." Mwanamke mmoja alisema, "Hiyo ndiyo imani." Wengine wakaitika.

Sikujua. Nilikuwa nimehesabu kwa miaka yote kwamba nilimnyima Zuhura kazi moja. Nilimwambia Mwajuma nina maneno naye, tukaenda nyuma ya nyumba, penye rundo la kokoto na ndoo za maji. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa utaratibu, kama ninavyoeleza mambo yote: darasa la tarehe 4 Mei, daftari chini ya gunia, karatasi mbili, madoa mawili, mkono wangu. Sikumwomba radhi, kwa kuwa radhi haikuwa yake kuitoa. Alinisikiliza akitazama chini. Alipoinua uso nilitazamia anitukane, na nilikuwa tayari.

"Mama alijua?" aliuliza.

"Hapana. Sikumwambia kamwe."

"Hata alipokuwa anaumwa? Ulikuja mara tatu."

"Hata alipokuwa anaumwa."

Ndani mtu alimwita aje aonje chumvi, hakuitika. Alikuwa akifikiri polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akipapasa kila kidato kwa mguu kabla ya kukikanyaga.

"Kwa hiyo Mungu hakuwa amemjibu," alisema.

"Hakuwa amemjibu."

"Na yule kocha wa pili, aliyekuja na fomu. Mama angelijua, angekwenda."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna ajuaye, kwamba yaliyopita yana siri zake, maneno ambayo watu wa umri wangu huyatumia kufunga milango. Lakini alikuwa ameniuliza kwa sauti ya mama yake, na mama yake hakuwa mtu wa kuulizwa akajibiwa nusu.

"Angekwenda," nilisema.